Askari 40 wa Vita vya Mawaridi: tathmini ya sanduku la Wars of the Roses Infantry la Perry Miniatures

Sanduku ninalolitathmini hapa linaitwa Wars of the Roses Infantry, na hutengenezwa na Perry Miniatures, kampuni ya mjini Nottingham, Uingereza. Ndani yake mna askari 40 wa miguu wa plastiki, wa kimo cha milimita 28, ambao mnunuzi huwakata mwenyewe kutoka kwenye fremu, huwaunga kwa gundi, huwapaka rangi, na mwishowe huwapanga juu ya meza kwa ajili ya mchezo wa vita unaoamuliwa kwa dadu, utepe wa kupimia na kitabu cha kanuni. Nimepaka masanduku matatu ya aina hii katika miaka miwili, na la tatu nililimaliza mwezi uliopita. Nimeona ni vyema niandike kwa Kiswahili, kwa sababu kila nilipotafuta maelezo ya kazi hii katika lugha yetu sikupata wa kunieleza, ilhali maneno yake tunayo tangu zamani: chapeo, dirii, deraya, ngao, ala, podo, upote, bizimu. Mengi yake msomaji ameyasikia kanisani au ameyakuta katika tenzi, na hapa yanarudi kufanya kazi yake ya asili.

Naishi Leicester, mji ambao mtu hawezi kuikwepa historia ya Vita vya Mawaridi, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 15 ambamo koo za York na Lancaster ziligombania kiti cha ufalme wa Uingereza. Mwaka 2012 mifupa ya Mfalme Richard wa Tatu, aliyeuawa katika mapigano ya Bosworth tarehe 22 Agosti 1485, ilifukuliwa chini ya maegesho ya magari katikati ya mji, na mwezi Machi 2015 ikazikwa upya katika kanisa kuu la Leicester. Uwanja wa mapigano uko mashambani, magharibi ya mji. Watafiti waliopita huko na vifaa vya kutambua madini waliokota mipira ya mizinga zaidi ya 30 iliyotengenezwa kwa risasi, pamoja na nembo ndogo ya fedha iliyopakwa dhahabu, yenye umbo la nguruwe mwitu, mnyama aliyekuwa alama ya Richard. Nilipoiona nembo hiyo nyuma ya kioo nilisimama mbele yake muda mrefu, nikimfikiria mtu aliyeamka asubuhi ile akaibana kwenye nguo yake bila kujua kwamba jioni ingekuwa imelala matopeni. Sanduku langu la kwanza nililiagiza usiku wa siku hiyo.

Perry Miniatures ni ya ndugu wawili mapacha, Michael na Alan Perry, ambao kwa miaka mingi walikuwa wachongaji wa Games Workshop, kampuni nyingine ya Nottingham na kubwa kuliko zote katika biashara hii. Wote wawili ni watu wa kuigiza upya mapigano ya kale. Huvaa deraya na chapeo zilizofuliwa kwa mfano wa zile za zama hizo, wakaingia uwanjani nazo. Katika igizo moja lililofanyika Crèvecœur, Ufaransa, mwaka 1996, Michael alipoteza mkono wake wa kulia kwa ajali ya mzinga, akajifunza upya kuchonga kwa mkono wa kushoto, na akaendelea na kazi hii hadi kufika masanduku tunayoyanunua leo. Nayataja haya kwa sababu ujuzi wao wa mavazi unaonekana katika plastiki yenyewe. Mtu aliyewahi kufungiwa dirii kifuani anajua ukanda hupita wapi chini ya kwapa, anajua bizimu huangukia upande gani, anajua koti zito hukunjika mahali gani mwenyewe anapoinua mikono kuvuta upinde. Mchongaji asiyejua hayo huchora mikunjo ya nguo kwa kukisia, na mpaka rangi humfuata gizani. Katika sanduku hili sijawahi kufika mahali nikajiuliza kama ninachokipaka ni ngozi, kitambaa au chuma, kwa kuwa kila kitu kina mwanzo wake na mwisho wake, na brashi huongozwa na ukingo uliochongwa.

Anayeanza anapaswa kujua kwa nini askari hawa huja vipande vipande. Sanamu za madini laini humiminwa katika kalibu ya mpira, na mpira hupindika, kwa hiyo umbo linaweza kujikunja litakavyo. Plastiki husukumwa kwa nguvu kubwa ndani ya kalibu ya chuma kigumu yenye pande mbili, na popote umbo linapojikunja kuelekea ndani, kalibu hiyo haifunguki bila kuling'ang'ania. Ndiyo maana vichwa, mikono na silaha nyingi hutengwa na viwiliwili. Mnunuzi hulipa sharti hilo kwa kazi ya jioni kadhaa za kuunga, lakini analipwa kwa uhuru: kiwiliwili kilekile kikipewa kichwa chenye chapeo ya chuma, kingine kofia ya sufi, kingine kichwa kitupu chenye nywele zilizokatwa mviringo kama zilivyopendwa wakati ule, hutoa watu watatu ambao jicho halitawadhania kuwa ndugu. Nimeweka masanduku matatu pamoja, askari 120, na hakuna wawili waliosimama kwa namna moja.

Vifaa vya kuungia si vingi: koleo dogo la kukatia, kisu chenye makali, tupa laini na gundi maalumu ya plastiki, ambayo huyeyusha kidogo nyuso mbili zinazogusana hadi zikawa kitu kimoja. Gundi ya papo kwa papo inafaa kwa madini, ila kwenye plastiki hunyima nafasi ya kurekebisha. Kabla ya kutia gundi jaribu mikono yote miwili pamoja na silaha, hasa kwa wapiga upinde, maana mkono wa kushoto ukiunganishwa kwa pembe isiyo sahihi ule wa kulia hautaufikia upote. Kisha tafuta mstari wa kalibu, ule uzi mwembamba unaopita ubavuni mwa kila kipande, uukwangue kwa mgongo wa kisu. Ukiuacha hutauona leo. Utauona siku ya kupaka mwangaza, yaani rangi nyepesi juu ya sehemu zilizoinuka, utakapong'aa shavuni mwa askari kama kovu. Upinde mmoja niliuvunja kwa haraka yangu mwenyewe, kwa kuukata kwenye fremu kuanzia katikati badala ya kuanza kwenye ncha zake. Tangu hapo hukata ncha kwanza, na sijavunja mwingine.

Na pinde hizo zinastahili uangalifu. Upinde mrefu wa Waingereza ulichongwa kwa mti uitwao yew kwa Kiingereza, kwa namna ambayo upande wa nje, unaomtazama adui, ulibaki na mbao changa za rangi ya maziwa, na upande wa ndani ukawa na kiini cha mti chenye rangi ya hudhurungi iliyokolea. Mbao changa huvumilia kunyooshwa, kiini huvumilia kubanwa, kwa hiyo mti mmoja ulifanya kazi ya miti miwili. Tunazo pinde za kuthibitisha hilo: meli ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuopolewa mwaka 1982, ilikutwa na pinde zaidi ya 100 ndani yake, na ingawa ni za miongo michache baada ya vita hivi, ufundi ni uleule. Basi unapoupaka upinde wa askari wako usiumwagie hudhurungi moja tu. Paka kote rangi iliyokolea, halafu pitisha mstari mmoja wa rangi ya siagi upande wa nje. Ni kazi ya dakika moja kwa kila askari, na katika kikosi cha watu 12 ndiyo inayomfanya mgeni ainame kutazama kwa karibu.

Silaha ya pili ya sanduku hili ni ile iitwayo bili, na ukoo wake ni wa shambani. Ni mundu wa kukatia vichaka uliotiwa mpini mrefu, ukaongezewa ncha ya kuchomea mbele na mwiba mgongoni wa kumng'oa mpanda farasi. Chuma chake nakipaka fedha, nakiosha kwa rangi nyeusi nyembamba ili ikae kwenye mashimo, halafu narudisha fedha kwenye makali peke yake. Deraya za makamanda zinahitaji subira zaidi, kwa sababu chuma kilichosuguliwa hubeba anga juu na ardhi chini. Nimepata matokeo mazuri kwa kuchanganya tone la buluu katika kivuli cha sehemu za juu na tone la hudhurungi katika sehemu za chini. Mipini ya bili naiacha na rangi ya mti mkavu, kijivu kuelekea hudhurungi, kwa kuwa mti mbichi wa rangi ya chungwa hauaminiki mikononi mwa mtu aliyetembea siku kumi mvuani.

Sehemu iliyonifundisha zaidi ni makoti. Askari wa kawaida hakuwa na uwezo wa kununua deraya kamili, kwa hiyo alivaa koti lililoshonwa kwa tabaka nyingi za kitani. Agizo moja la Mfalme Louis wa Kumi na Moja wa Ufaransa, wa zama hizohizo, lilitaka tabaka 30 au zisipungue 25, na ngozi ya paa juu yake. Wachongaji wameyachora makoti hayo kwa mishono iliyosimama wima, na kati ya mshono na mshono kitambaa kimevimba kidogo. Nilipoyaona mara ya kwanza nilimkumbuka mama yangu, aliyeshona kofia za viua mjini Tanga, akikaa karibu na dirisha asubuhi, akimaliza mstari mmoja kabla ya kuugusa mwingine, na asishone kamwe jua likiwa limeshapita upande wa pili wa nyumba. Nimefuata desturi yake. Koti zima hupata kwanza rangi ya kitani kisichopaushwa, kijivu chenye umanjano. Kisha rangi nyembamba ya hudhurungi hukimbilia yenyewe kwenye mishono na kukauka humo. Kisha, kwa brashi ya namba moja yenye ncha nzima, hupanda uvimbe mmoja baada ya mwingine kwa rangi nyepesi zaidi, toka begani hadi kwenye upindo. Koti moja huchukua robo saa. Ukifanya makoti mawili jioni moja umefanya vyema, na macho yako yatakushukuru ukiyapa taa nyeupe.

Wengine kati ya askari hawa wamevaa juu ya koti sare ya bwana wao, na hapo ndipo historia inapoingia ndani ya brashi. Jina la Vita vya Mawaridi lilienea karne ya 19. Wapiganaji wenyewe walitambuana zaidi kwa sare na nembo za mabwana waliowalipa. Edward wa Nne wa ukoo wa York aliwavisha watu wake buluu pamoja na rangi ambayo Waingereza waliilinganisha na tunda la forosadi, na ambayo sisi tunaiita damu ya mzee. Henry Tudor, aliyemshinda Richard huko Bosworth, alitumia nyeupe na kijani. Nguo hugawanywa katikati kutoka shingoni hadi chini, rangi moja kulia na nyingine kushoto, na mchongaji hakuweka mstari wa kukuonyesha mpaka. Huuchora mwenyewe kwa mkono. Mimi huanza na rangi nyepesi kote, kisha naileta ile iliyokolea hadi katikati, na mwisho nasahihisha mstari kwa brashi yenye unyevu kabla haujakauka.

Kuhusu nembo, nawasihi wapenzi wa kazi hii wasiziruke kwa sababu ya udogo wake. Tarehe 14 Aprili 1471, Jumapili ya Pasaka, majeshi ya Edward wa Nne na ya Erli (cheo cha bwana mkubwa wa Uingereza) wa Warwick yalikutana Barnet, kaskazini ya London, katika ukungu mzito. Erli wa Oxford, aliyekuwa upande wa Warwick, aliuvunja ubavu mmoja wa adui, akawafukuza mbali, kisha akawakusanya watu wake na kurudi uwanjani kupitia ukungu uleule. Watu wake walivaa nembo ya nyota yenye miali. Mwandishi mmoja wa zama hizo anasimulia kwamba wenzao wa upande wa Warwick waliitazama nyota ile, wakadhani ni jua lenye miali, ambalo ndilo lililokuwa nembo ya Edward, wakawapiga mishale watu wao wenyewe. Kilio cha usaliti kikaenea, safu zikavunjika, na kabla ya siku kwisha Warwick alikuwa amekufa. Nyota na jua, juu ya vifua vya watu, katika ukungu. Nimewapaka wapiga bili 12 wa Oxford na 12 wa Edward, nikaweka vikosi hivyo viwili kwenye rafu moja, na nikiwatazama toka hatua tatu usiku, taa ikiwa mbali, mimi niliyewapaka kwa mkono wangu siwatofautishi mara moja. Kifua cha askari wa kimo hiki kina upana wa milimita chache tu. Nyota nzima ni nukta nyeupe na vijistari vilivyovutwa kwa ncha ya brashi kutoka katikati kwenda nje. Nimeiharibu mara nyingi kabla ya kuipatia.

Nyuso zinahitaji neno fupi. Maelezo mengi yanayouzwa pamoja na rangi humfundisha mtu kupaka ngozi ya Mzungu kama rangi moja ya waridi yenye kivuli. Mimi nilijifunza kwa kuwaangalia watu kituoni mwa basi mwezi Januari: baridi huweka wekundu puani, masikioni na kwenye vifundo vya vidole, midomo hufifia, na ndevu za siku mbili huacha kijivu kwenye taya. Nukta nne za rangi nyekundu iliyochanganywa na maji, kwenye pua, mashavu na masikio, humtoa askari dukani na kumpeleka shambani. Vichwa vya sanduku hili vinaipokea kazi hiyo vizuri, kwa kuwa mashavu na nyusi vimechongwa kwa kina kinachotosha rangi nyembamba kutulia.

Rangi zenyewe haziji na sanduku, wala gundi. Natumia za akriliki, hasa za Vallejo ya Uhispania, kwa sababu ya chupa zake zenye mdomo wa kudondoshea, ambazo humwezesha mtu kuhesabu matone na kurudia mchanganyiko uleule wiki ijayo. Za Citadel nazo ni nzuri, na aina yake iitwayo Contrast, iliyoingia sokoni mwaka 2019, hupaka rangi na kivuli kwa mpigo mmoja. Juu ya makoti ya mishono hiyo Contrast hufanya kazi kwa uzuri wa kushangaza. Juu ya nguo pana isiyo na mikunjo huacha madoa, na hapo mimi hurudi kwenye njia ya zamani. Kama fedha ni kidogo, nunua brashi moja nzuri ya manyoya halisi na rangi nane, uache rangi ishirini zenye brashi duni. Duka moja la mtandaoni lilinitumia chupa sita ndani ya bahasha nyembamba isiyo na kinga, mbili zikafika zimepasuka na kuharibu nyingine, na malalamiko yangu hayakujibiwa. Tangu hapo nanunua rangi kwa kuziona kwa macho.

Katika sanduku la pili nilifanya kosa la kunyunyizia rangi ya msingi nje ya nyumba, siku ya Novemba yenye unyevu mwingi. Rangi ilikauka nusu ikiwa hewani na kutua juu ya askari kama vumbi la chokaa, na kazi nzuri ya wachongaji ikafunikwa na chengachenga. Niliwalowesha askari 20 na kuwasugua kwa mswaki jioni nne mfululizo, na wawili kati yao hawajarudi hali yao ya kwanza. Sasa nasubiri siku kavu, au napaka rangi ya msingi ya chupa kwa brashi. Nalisema hili hasa kwa wasomaji wa Mombasa, Tanga, Unguja na kwingineko pwani, ambako unyevu ni wa mwaka mzima: brashi ni salama zaidi kwenu. Tena makopo ya kunyunyizia hayaruhusiwi katika posta ya ndege, kwa hiyo anayeagiza toka mbali hana haja ya kuyasikitikia. Aulize mapema gharama ya usafirishaji na ushuru, kisha aagize masanduku mawili au matatu kwa pamoja, peke yake au na rafiki.

Pamoja na askari huja vibao vidogo vya plastiki vya kuwasimamishia na karatasi ya bendera zenye rangi. Bendera za karatasi wengine huzidharau, lakini hizi zimechorwa kwa ujuzi, na siri yake ni kuzipinda kungali na unyevu wa gundi nyeupe, ili zikauke zikiwa na mawimbi ya upepo, kisha kupaka kingo zake kwa rangi inayolingana, maana ukingo mweupe wa karatasi huiumbua bendera yote. Vibao navifunika mchanga wa mtoni, hudhurungi, na nyasi chache za kubandika. Sijaona haja ya zaidi.

Mezani sanduku hili halikuniangusha. Kanuni nyingi za mapambano madogo hutumia vikosi vya watu 6 au 12, kwa hiyo askari 40 hutoa vikosi vitatu kamili, na wanne wanaobaki huwa kiongozi, mshika bendera na walinzi wao. Mimi na jirani yangu tuliucheza mkasa wa Towton, wa tarehe 29 Machi 1461, Jumapili ya Matawi, siku ambayo theluji ilipeperushwa na upepo kuelekea nyusoni mwa jeshi la Lancaster. Watu wa York walirusha mishale upepo ukiwasukumia, kisha wakarudi nyuma. Wale wa Lancaster walijibu bila kuona, na mishale yao ikaanguka kabla ya kufika. Tulitandika shuka jeupe juu ya meza, tukakubaliana kwamba umbali wa mishale ya Lancaster upunguzwe kwa theluthi, na jirani yangu, aliyekuwa upande huo, aliona kwa dadu zake mwenyewe kwa nini makamanda wa siku ile waliamua kuuacha mwinuko wao na kushuka kupigana mkono kwa mkono. Hawakuwa na njia nyingine. Nilikuwa nimesoma habari hiyo mara kadhaa, lakini sikuwa nimeielewa mpaka nilipomwona akisukuma vikosi vyake mbele, safu baada ya safu, kwa sababu kila mzunguko aliosubiri ulimpotezea watu.

Je, nani alinunue? Kwa maoni yangu, yeyote anayetaka kuanza zama hizi aanzie hapa, kabla ya wapanda farasi wenye deraya kamili. Wapanda farasi huvutia zaidi kwenye picha, na Perry wanao wazuri sana, lakini deraya kamili ni chuma kitupu kutoka utosini hadi vidoleni, na mwanafunzi hujifunza rangi moja. Kundi la watu wa kawaida lina kitani, sufi, ngozi, mti, chuma, nywele, mashavu yenye baridi na viatu vyenye tope, kwa hiyo ukimaliza sanduku moja umefanya zoezi la karibu kila kitu utakachokutana nacho baadaye. Bei nayo ni ya haki. Langu la mwisho lilinigharimu chini ya pauni 30, yaani chini ya peni 75 kwa kila askari, ilhali sanamu ya madini ya kimo hikihiki kwa kawaida huuzwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa mtoto mdogo silipendekezi, kwa sababu ya kisu na gundi, isipokuwa mtu mzima akae naye. Atakayetaka kuendelea anaweza kuongeza lile sanduku la mamluki wa Ulaya, lenye mikuki mirefu, pinde za mtambo na bunduki za mwanzo, kwani vichwa na mikono yake huingiliana na vya sanduku hili bila shida, na mamluki wa namna hiyo walipigana kweli katika ardhi ya Uingereza, huko Stoke Field tarehe 16 Juni 1487.

Mpwa wangu wa miaka tisa alikuja kututembelea wakati ninamalizia kikosi cha mwisho. Aliwapanga wote mstarini kwa kidole kimoja, akamwinua mpiga bili asiye na chapeo ambaye nilikuwa nimempaka kiraka cha kijivu juu ya goti la suruali yake nyekundu, akamtazama kwa muda, kisha akauliza, "Mjomba, kiraka hiki alishonewa na nani?" Nilimwambia pengine mkewe, au mama yake. Akamrudisha mahali pake, si mstari wa mbele alipokuwa bali wa nyuma, karibu na bendera. Nimemwacha hapohapo, na katika sanduku la nne, ambalo nimeshaliagiza, kila kikosi kitakuwa na mmoja mwenye kiraka.